SOMO KWA WATAFUTA KAZI: KUPIMA NAFASI MBILI KABLA YA KUTIA SAINI

Vijana wetu wengi huomba kazi Tanzania Bara, na baadhi yao hupata nafasi mbili kwa wakati mmoja. Somo hili linaeleza namna ya kuzipima, kwa kutazama yaliyotokea Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma.

Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, mashirika ya misaada yameajiri huko waalimu, wauguzi, madereva na makarani. Baadhi ya watumishi wa Serikali waliacha kazi zao kwa sababu mashirika yalilipa zaidi. Lakini kambi haidumu. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Mtendeli, katika eneo la Kibondo ambalo sasa ni Wilaya ya Kakonko, ilifunguliwa tena mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021. Kambi ikifungwa, na ajira zake hufungwa.

Hivyo basi, mshahara wa mwezi si kipimo kamili. Tuchukue mfano. Shirika linatoa Sh. 900,000 kwa mwezi kwa mkataba wa miezi sita. Halmashauri inatoa Sh. 600,000 kwa ajira ya kudumu. Mkataba usipoendelezwa, shirika litakuwa limelipa Sh. 5,400,000 kwa mwaka, na halmashauri Sh. 7,200,000. Ukiendelezwa, shirika litafikia Sh. 10,800,000. Swali la msingi kwa mwajiri ni hili: fedha za mradi zinakwisha lini?

Baada ya hapo, mwombaji aandike majibu ya kila mwajiri katika safu mbili, kuhusu mambo yafuatayo:

(a) Muda wa mkataba, na taarifa itakayotolewa kabla ya kuuvunja.

(b) Hifadhi ya jamii. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake.

(c) Likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 kwa mwaka, na siku 84 za uzazi kwa mama.

(d) Saa za kazi, zisizozidi 45 kwa wiki bila ya malipo ya ziada.

(e) Nyumba, nauli na matibabu, mambo yenye uzito mkubwa kwa anayehamia mbali na kwao.

Ikumbukwe kuwa sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar inayo Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005. Aidha, ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Ayaombe kabla hajaiacha kazi aliyo nayo.

Asiye na wategemezi na anayetaka uzoefu anaweza kuchagua mkataba mfupi kwa busara, madhali anaweka akiba. Mwenye watoto shuleni aupe uzito zaidi mwezi wa saba, ambao mkataba wa miezi sita hauutaji.