Tununue leza ya kumulika kidonda cha mama?

SWALI: Daktari, mama yangu ana kisukari. Huu ni mwezi wa tatu ana kidonda kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, na hakifungi. Kuna mtu Bukoba anatuuzia kifaa cha leza chenye mwanga mwekundu, anasema kinaponya vidonda. Tununue? – Msomaji, Kamachumu

JIBU: Poleni sana. Mwanga huo si uganga. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika leza panya walionyolewa, akaona manyoya yanaota upesi kuliko kawaida. Baadaye akageukia vidonda. Leza ya aina hii ni hafifu, haikati wala haichomi. Mwanga wake hunaswa ndani ya mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati. Seli zikipata nguvu, zile zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, huongezeka na kusogea kuziba pengo.

Shida ni kipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johannesburg walimulika seli za ngozi zilizojeruhiwa: jouli 5 kwa sentimita ya mraba zilizisaidia, jouli 16 zikaziumiza. Muulizeni huyo muuzaji kifaa chake kinatoa ngapi. Tena hizo ni seli za maabara. Kwa wagonjwa wa kisukari majaribio yapo, mengine yanatia moyo, ila mengi ni madogo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mahali kidonda kilipo. Hapo ndipo uzito wa mwili unapoangukia kila anapopiga hatua. Kisukari kikishaua hisia za mguu, mtu huzunguka kibanjani kutwa nzima akikitonesha kidonda chake wala hasikii maumivu. Dakika chache za mwanga haziwezi kufuta kazi ya kutwa.

Hela hiyo iwe ya matibabu. Hospitali ya Ndolage iko hapo hapo Kamachumu. Mpelekeni wiki hii. Waombeni wapime sukari, watafute mapigo ya damu juu ya mguu, na wachunguze kidonda kwa kijiti safi cha chuma. Kikigonga kitu kigumu, huenda uambukizo umeshafika mfupani, na hapo atahitaji dawa za wiki kadhaa, pengine na upasuaji. Ngozi ngumu ya pembeni ikatwe na mtaalamu, si kwa wembe nyumbani. Kisha mguu upumzishwe kweli: kuchota maji na kupalilia wafanye wengine.

Asitembee peku, asiuloweke mguu kwenye maji ya moto, asipakwe majani. Mguu ukivimba, ukinuka, ukianza kuwa mweusi, au akipata homa, msingoje kuche.

Hayo yote yakishafanyika na daktari wake akaona leza iongezwe, sina pingamizi, mradi macho yakingwe. Ila kingo za kidonda zikiwa zimeinuka na kuota nyama, kikatwe kipande kidogo cha nyama hiyo kipimwe saratani kwanza, kabla ya mwanga wowote.