SOMO LA 14: KUANDAA PROGRAMU HURIA YA KUCHANGANYA VIDEO MUBASHARA

Malengo ya somo
Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kueleza maana ya kuchanganya video mubashara na ya programu huria;
(b) kutaja hatua za kuandaa programu ya OBS Studio kwa tukio la kweli;
(c) kukokotoa kasi ya biti na kiasi cha data kinachohitajika;
(d) kutambua chanzo cha tatizo kwa kuangalia dalili zake.

1. Utangulizi

Mavuno yakiisha, viwanja vya Usukumani hujaa ngoma. Hapa mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wengi wetu tumekua tukiona mashindano ya Bagika na Bagalu. Makundi hayo mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi.

Sasa fikiri una kamera moja tu. Ukiielekeza kwa Bagika, Bagalu hawaonekani. Ndugu anayetazama kwa simu akiwa Katavi au Usangu, ambako Wasukuma wengi wamehamia na mifugo yao, hataona mashindano; ataona ngoma ya kundi moja. Ili aone pande zote mbili unahitaji kamera mbili au zaidi, na mahali pa kuziunganisha.

Maana: Kuchanganya video mubashara ni kupokea picha na sauti kutoka vyanzo viwili au zaidi, kuchagua kipi kionekane kwa wakati gani, na kutoa mkondo mmoja unaorekodiwa au kurushwa papo hapo.

Zamani kazi hii ilihitaji mitambo ya gharama kubwa ya vituo vya televisheni. Leo kompyuta mpakato ya shule inaweza kuifanya, mradi uiandae vizuri.

2. Programu huria

Kosa la kawaida: Watahiniwa wengi huandika, "Programu huria ni programu ya bure." Jibu hilo halijitoshelezi, kwa sababu zipo programu za bure ambazo huruhusiwi kuzichunguza wala kuzibadilisha. Programu huria humpa mtumiaji uhuru wa aina nne:
(i) kuitumia kwa kazi yoyote;
(ii) kuchunguza msimbo wake ili kujua inavyofanya kazi;
(iii) kuinakili na kuwagawia wengine;
(iv) kuirekebisha na kusambaza marekebisho hayo.

OBS Studio ni mfano mzuri. Ilianzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012, na hutolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa shule yenye intaneti ya kubahatisha, uhuru wa tatu una faida kubwa: mwalimu anaweza kuipakua mara moja, akaiweka kwenye flashi na kuisakinisha kwenye kompyuta zote za maabara bila kuvunja sheria.

Zingatia: Pakua kutoka tovuti rasmi, obsproject.com. Nakala za mitaani zinaweza kuwa na virusi.

3. Dhana nne za msingi

Onesho. Umesoma tamthiliya, na unajua kwamba hugawanywa katika maonesho. Hapa pia ni hivyo. Onesho ni mpangilio mmoja wa picha utakaomfikia mtazamaji, kwa mfano "Bagika peke yao", "Bagalu peke yao" au "Pande zote mbili".

Chanzo. Ni kitu kinachowekwa ndani ya onesho: kamera, kipaza sauti, picha ya nembo, maandishi au video iliyorekodiwa. Onesho moja linaweza kuwa na vyanzo vingi, na chanzo kimoja kinaweza kutumika katika maonesho mengi.

Kichanganya sauti. Ni sehemu yenye vipimo vya rangi inayoonesha nguvu ya kila sauti. Sauti ya msemaji ikae kwenye rangi ya njano. Ikikaa kwenye nyekundu, iko karibu kupasuka.

Hali ya studio. Ukiiwasha, skrini hugawanyika mara mbili. Kushoto ni dirisha la maandalizi, unaloliona wewe peke yako. Kulia ni dirisha la hewani, wanaloliona watazamaji. Unapanga kushoto, unahakikisha, kisha unapeleka kulia.

4. Hatua za maandalizi

Hatua ya 1: Pima intaneti ukiwa kwenye eneo la tukio. Wengi hupima kasi ya kupakua, lakini anayerusha video anahitaji kasi ya kupakia. Pima pia saa ileile ambayo tukio litafanyika, kwa kuwa mtandao wa asubuhi uwanja ukiwa mtupu si sawa na wa mchana watu wakiwa wamejaa.

Hatua ya 2: Unganisha kamera. Kamera ya kawaida huhitaji kifaa cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Simu janja nayo inaweza kuwa kamera kwa kutumia programu ndogo kama DroidCam.

Hatua ya 3: Tengeneza maonesho. Kisanduku cha maonesho kiko chini kushoto, na cha vyanzo kiko jirani yake. Bonyeza alama ya kujumlisha, toa jina linaloeleweka, kisha ongeza vyanzo. Jina kama "Onesho 1" litakuchanganya ngoma ikikolea.

Hatua ya 4: Chagua sauti moja kuu. Vipaza sauti vya kamera zote vikiachwa wazi, mtazamaji atasikia mwangwi, na ngoma itarukaruka kila unapobadilisha onesho. Weka kipaza sauti kimoja mahali panaposikika pande zote, kitumie katika maonesho yote, na vingine vizime. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi likisikika kabla ya mikono kukutana kwenye picha, ichelewesha sauti kidogo katika mipangilio ya sauti.

Hatua ya 5: Weka ukubwa wa picha na kasi ya biti. Pikseli 1280 kwa 720 na fremu 30 kwa sekunde zinatosha kwa watazamaji wengi wa simu.

Hatua ya 6: Washa kurekodi kabla ya kurusha. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Katika shule moja niliyofundisha, tulirusha mahafali ya kidato cha nne bila kurekodi. Mtandao ukakatika wakati wa kutoa vyeti. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja na flashi mkononi, akaomba awekewe sehemu ya kijana wake ili akamwoneshe bibi yake kijijini. Hatukuwa na cha kumpa. Mtandao ukirudi unaweza kurusha tena, lakini mahafali yale hayawezi kurudiwa. Tangu siku hiyo, wanafunzi wangu huanza na kitufe cha kurekodi.

Chagua muundo wa MKV. Umeme ukikatika ghafla, sehemu iliyokwisha kurekodiwa kwa MKV husalimika, wakati faili ya kawaida ya MP4 ambayo haikufungwa vizuri huenda isifunguke kabisa. Baada ya tukio, OBS inaweza kubadilisha MKV kuwa MP4.

Hatua ya 7: Fanya jaribio la dakika 10. Rekodi, kisha sikiliza kwa visikizi. Usitosheke na kuona picha.

5. Kukokotoa kasi ya biti na data

Kanuni: Usitumie zaidi ya asilimia 70 ya kasi ya kupakia. Asilimia 30 ni akiba ya mtandao kupanda na kushuka.

Mfano: Kasi ya kupakia uwanjani ni megabiti 4 kwa sekunde. Tukio ni la saa 2. Sauti inatumia kilobiti 128 kwa sekunde.

Kasi inayoruhusiwa: 4,000 × 70/100 = kilobiti 2,800 kwa sekunde
Inayobaki kwa picha: 2,800 – 128 = 2,672; chagua 2,500
Jumla ya mkondo: 2,500 + 128 = kilobiti 2,628 kwa sekunde
Muda: 2 × 3,600 = sekunde 7,200
Data: 2,628 × 7,200 = kilobiti 18,921,600
Gawanya kwa 8: kilobaiti 2,365,200, sawa na gigabaiti 2.4 hivi

Kwa hiyo kifurushi cha gigabaiti 3 kinatosha na kubakiza kidogo.

Kosa la kawaida: Kusahau kugawanya kwa 8. Kasi hupimwa kwa biti, lakini vifurushi huuzwa kwa baiti.

6. Dalili na tiba

Dalili: fremu zinapotea kwa sababu ya mtandao. Tiba: punguza kasi ya biti.
Dalili: kompyuta inazidiwa na usimbaji wa video. Tiba: punguza ukubwa wa picha au idadi ya fremu, na funga programu nyingine.
Dalili: picha ipo, sauti haipo. Tiba: angalia kichanganya sauti, huenda chanzo kimezimwa au umechagua kipaza sauti kisicho sahihi.

Ukichanganya dalili mbili za kwanza utapoteza alama, na uwanjani utapoteza muda. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakuwezi kuisaidia prosesa iliyochoka.

7. Maadili na sheria

Anayebonyeza kitufe anaamua nani aonekane. Ukiwaonesha Bagalu dakika 40 na Bagika dakika 10, umemtangaza mshindi kabla ya umati. Gawa muda kwa haki, na rudi mara kwa mara kwenye onesho la pande zote mbili, hasa umati unapohama.

Omba ridhaa ya wahusika, na ya wazazi ikiwa ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Kumbuka pia kwamba anayetaka kuendesha televisheni ya mtandaoni anahitaji leseni ya TCRA.

8. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha programu huria na programu ya bure. (Alama 4)
2. Shule yako itarusha mashindano ya ngoma kutoka viwanja vya Nyakabindi kwa saa 3. Kasi ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, na sauti inatumia kilobiti 128. Chagua kasi ya biti ya picha, kisha kokotoa data. (Alama 6)
3. Kwa nini ni muhimu kurekodi hata kama unarusha mubashara? Toa sababu mbili. (Alama 4)

Mwongozo wa majibu

1. Rejea uhuru wa aina nne katika sehemu ya 2. Taja kwamba programu ya bure huondoa bei tu, na huenda ikamnyima mtumiaji uhuru huo.
2. Kasi inayoruhusiwa ni 1,400, ukitoa 128 inabaki 1,272, chagua 1,200. Jumla ya mkondo ni 1,328. Data: 1,328 × 10,800 ÷ 8 = kilobaiti 1,792,800, sawa na gigabaiti 1.8 hivi. Kwa kasi hii ni vyema kushusha picha hadi pikseli 854 kwa 480.
3. Mtandao unaweza kukatika na tukio halirudiwi. Pia wasiokuwa na intaneti wanaweza kupewa nakala kwa flashi.

Kazi ya vitendo: Kabla ya kwenda somo la 15, rekodi dakika 5 za mchezo wowote shuleni kwa kamera mbili. Mpe mwenzako aitazame, kisha muulize upande upi ulipendelewa. Akishindwa kutaja, umefaulu.