Paka Akishachanjwa

Penye ghala la mpunga na karanga hapakosi panya, na kwa panya wa Tabora hakuna mlinzi kama paka. Toka Ng'ambo hadi Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, paka hulala ndani pamoja na watoto. Aking'atwa na mbwa mwenye kichaa huko nje, ugonjwa anauingiza nyumbani. Ndiyo maana chanjo ya kichaa cha mbwa ni yake pia.

Baada ya sindano msiondoke upesi. Subirini pale kwa mtaalamu wa mifugo kama nusu saa. Uso ukivimba, akitapika mfululizo au akihema kwa shida, atibiwe papo hapo. Hilo hutokea kwa nadra. Kwa kawaida atalala sana na kula kidogo kwa siku moja au mbili. Mpeni mahali patulivu penye kivuli, maji safi, na dagaa wachache waliochemshwa bila chumvi. Watoto wasimbanebane palipochomwa. Kinundu kidogo hapo huisha chenyewe baada ya wiki chache. Kikizidi kukua, mwoneni daktari wa mifugo.

Tunawasihi sana: msimpe parasitamoli. Kidonge kinachomshushia mtoto homa ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, na hata kipande kinaweza kumuua.

Kinga nayo haiji siku ileile. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza, mwili huijenga kwa wiki kadhaa, hadi nne hivi. Mwezi huo asizurure usiku.

Paka akimng'ata au kumkwaruza mtu, hata kama ana kadi ya chanjo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake majivu wala pilipili. Mwende siku hiyohiyo kituo cha afya au Hospitali ya Kitete, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu muhali. Paka msimuue: afungiwe, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa.

Kadi yake itunzeni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Muulizeni mchanjaji tarehe ya kurudia, kwa kawaida baada ya mwaka, na sikilizeni matangazo ya kampeni kila inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.