Pikipiki ya Kwanza

Kijana mmoja aliweka akiba hata akapata fedha za kununua pikipiki, naye alikuwa hajaendesha hata moja. Dukani macho yake yakavutwa na kubwa yenye kung'aa. Fundi mzee akamwambia, "Mwanangu, ikalie kwanza." Akaikalia, vidole vya miguu tu vikagusa chini, ikainama upande, asiweze kuizuia, mpaka fundi akaidaka. "Ingekuwa njiani," akasema, "ingekuvunja mguu."

Akamwonyesha ndogo, ya injini ya cc 125. Nyayo zote mbili zikatulia chini, na mikono ikafikia breki na klachi bila taabu. Tena injini ndogo hairuki mbele kwa nguvu mkono mgeni ukizidisha mafuta. Wakatazama pamoja breki, mnyororo na matairi. Ile kubwa ingalimeza fedha zote. Sasa zikabaki za kununua kofia ngumu, kulipia mafunzo na kupata leseni.

Kijana akaichukua ndogo. Mwenda pole hajikwai.

Maswali
1. Kwa nini yafaa nyayo zote mbili zifike chini?
2. Fedha zilizobaki zilifanya kazi gani?