Kitenzi cha Kiingereza Kisikuponze

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Mkataba wa Jumuiya yenyewe, wa mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sisi wa Kindu tumesoma kwa Kifaransa na sokoni tunasema Kiswahili, lakini Kiingereza tunakikuta katika matangazo ya kazi na karatasi za dawa.

Neno geni kabisa halina hatari sana, maana unasimama na kuuliza. La hatari ni lile lenye sura ya Kifaransa. Soma tangazo hili:

“Candidates will attend an interview in Kindu on Monday at 9:00.”

Aliyezoea Kifaransa, katika “attend” anaona “attendre”, kungojea, naye anabaki nyumbani akingoja kuitwa. Sasa funika kitenzi hicho kwa kidole, usome yaliyobaki: kuna watu, kuna usaili, mahali, siku na saa. Anayengoja tu hawekewi saa kamili. Huwekewa anayetakiwa kufika. Hapo kitenzi kinajifunua: kuhudhuria. Jaza Kiswahili hicho, kisha soma tena sentensi nzima. Ikikwama, jaribu kingine.

Angalia pia kinachofuata kitenzi. “Charge” ikifuatwa na simu ni kuchaji, na hapo Kifaransa kinakusaidia. Ikifuatwa na fedha, kama “We charge 500 francs”, ni kutoza. Ikifuatwa na mtu, halafu “with” na jina la kosa, kama “The police charged him with theft”, ni kushtaki. Wengi hukiruka hicho kijineno “with”, nacho ndicho kinachompeleka mtu mahakamani!

“Apply before Friday” kwenye tangazo la kazi maana yake ni peleka maombi kabla ya Ijumaa. “Apply to the skin” kwenye kibomba cha dawa ni paka kwenye ngozi. Karatasi yenyewe, ya kazi au ya dawa, inakwambia nusu ya maana kabla hujasoma sentensi.

Kukisia huku kunafaa kwa tangazo na gazeti. Kwa dawa na mkataba hakutoshi, hata ukiwa na hakika. Kabla ya kumeza, muulize muuguzi; kabla ya kutia sahihi, mtafute mwalimu wa Kiingereza akusomee.