Nzi Asiyeruka: Somo la Kuvua Trauti Jioni

Ukimwona mtu amesimama mtoni jioni akirusha nzi wa manyoya majini, usidhani amerukwa na akili. Anavua trauti. Leo nataka tujifunze jinsi nzi huyo anavyofungwa, na kwa nini sisi tuishio karibu na mito ya milimani yatupasa kuijua kazi hii.

Kwanza, historia kidogo. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua. Samaki hawa hupenda maji safi yenye baridi, nyuzi 10 hadi 16 hivi. Joto likipita 20, wanaanza kutaabika.

Chakula chao kikubwa ni wadudu. Hebu pindua jiwe mtoni, utawaona wamejibandika chini yake. Hukaa majini miezi mingi, kisha huota mabawa na kutoka. Wako wenye mabawa yaliyosimama kama tanga la mashua. Hao wakisharuka hawali kitu, wanataga na kufa baada ya siku moja au mbili. Wako wengine hukunja mabawa kama paa la nyumba. Jua likipungua ukali, wengi hurudi majini kutaga, na trauti huinuka kuwadaka. Huko Uingereza wakati wa kiangazi jua huchwa baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo wavuvi wana jioni ndefu. Sisi wa ikweta, bwana, saa kumi na mbili na nusu giza linaingia! Nzi wako awe tayari mapema.

Sasa tumfunge:

1. Bana ndoana kwenye jiliwa. Namba ikizidi kuwa kubwa, ndoana huwa ndogo. Namba 12 yamfaa anayeanza.
2. Zungushia uzi mwembamba kutoka kwenye tundu hadi ndoana inapoanza kupinda.
3. Funga vinyuzi vichache vya unyoya viwe mkia.
4. Sokota manyoya ya sungura kwenye uzi, uuzungushe kurudi mbele uwe mwili.
5. Funga unyoya wa shingo ya jogoo, uuzungushe mara tatu au nne uwe miguu.
6. Kaza kichwa kwa mafundo, tia tone la vanishi.

Kwa nini jogoo? Unyoya wake ni mgumu, haunywi maji upesi, basi nzi huelea. Wa tembo la kuku jike ni laini, hulowa. Huo ni wa nzi wa kuzama.

Mtoni, ukiwa na leseni yako, mwendee trauti kutoka nyuma. Yeye huelekeza kichwa mkondo unakotoka. Mtupie nzi mbele yake, umwache ateremke na maji. Mshipi ukimburura nzi, samaki atamkataa. Kumbe ana akili!

Wasomaji wengine watauliza, haya yatusaidie nini? Hapa Kenya wako mafundi wanaofunga nzi kwa mikono, nao huuzwa Ulaya na Marekani. Ni riziki ya halali, wala siidharau. Lakini fundi anayeiga sampuli tu hufunga mdudu asiyemjua, wa mto asioujua. Ikibadilishwa sampuli, huanza upya. Anayemjua mdudu mwenyewe aweza kubuni nzi wake, akamfunga na akamvulia.

Mdudu huyo hapatikani dukani. Miti ya ukingoni ikikatwa, maji hupata joto na mvua huteremsha tope linaloziba mawe. Wadudu wakiisha, trauti naye hana la kula. Hapo tutabaki mafundi wa nzi wa mito ya wenzetu, huku yetu haina hata samaki wa kudanganywa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Basi wanachama wenzangu, Jumamosi moja tutembelee mto ulio karibu, tupindue mawe, tuwatazame wadudu, tuyarudishe mawe yalivyokuwa. Ufundi waanzia hapo.