Krimu ya Tata na Ndugu Zake, Ukwaju na Ubuyu

Wasomaji wetu wa Kilosa na Mikumi, katika vikopo vya dukani umo unga mweupe, laini, wenye uchachu, ambao Waingereza huuita krimu ya tata. Jina hilo huwadanganya watu wengi, wakadhani kuwa umetokana na maziwa. Sivyo kabisa. Basi tumeona yafaa kueleza asili yake, tabia zake na kazi zake, kisha tuonyeshe kwamba uchachu wa namna hiyo waota karibu na nyumba zetu.

Asili yake ni zabibu. Maji ya zabibu yachachukapo kuwa mvinyo, chembe ngumu hushika ndani ya mapipa, hasa penye baridi. Chembe hizo husafishwa na kusagwa, nao ndio unga wenyewe. Ndani yake mna potasiamu na asidi ya tataro, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga mwaka 1769. Katika maji baridi unga huu huyeyuka kidogo sana, bali katika maji ya moto huyeyuka vizuri.

Kazi zake jikoni ni nyingi. Huzuia sukari iliyopikwa isigande chembechembe, huimarisha povu la ute wa yai, na hung'arisha sufuria zilizofifia. Lakini kazi iliyo kubwa ni kuumua mikate. Vipimo 2 vya unga huu vikichanganywa na kipimo 1 cha bikaboneti, yaani magadi laini ya kupikia, kisha vikapata maji, hutoka hewa iitwayo kaboni dioksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayoinua kinyunga.

Sasa tutazame miti yetu. Uchachu wa ukwaju watokana hasa na asidi ile ile ya tataro. Ndiyo maana mabibi wa pwani husugulia ukwaju vyombo vya shaba, navyo vikang'aa. Na msafiri atokaye Mikumi kwenda Iringa, akifika bonde la mto Ruaha, huiona mibuyu imejaa pande zote. Mbuyu nao Waingereza wameupa jina la mti wa krimu ya tata, kwa sababu ya ubuyu wake mweupe na mchachu. Lakini jina lisitupoteze: ubuyu una asidi za namna kadhaa, ikiwemo ile ya malimau, wala si unga ule ule wa kikopo.

Tena katika jambo moja ubuyu waushinda unga wa dukani. Una vitamini C kwa wingi, ambayo mtu akiikosa muda mrefu hupata kiseyeye, fizi zikavimba na kutoka damu. Vitamini hiyo huharibiwa na moto. Kwa hiyo, mama apikaye uji wa watoto na autie ubuyu baada ya kuuepua na kupoa kidogo, asiuchemshe pamoja na uji.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani. Loweka ukwaju katika bilauri moja na ubuyu katika bilauri nyingine, kisha tia magadi ya kupikia kidogo katika kila moja. Povu litapanda mbele ya macho ya watoto, nao watafahamu kuwa kitu hujulikana kwa tabia yake, si kwa jina lake.

Hapa twatoa onyo. Unga mweupe wa namna nyingi hufanana: chumvi, magadi ya kupikia, magadi ya kufulia, hata dawa ya wadudu. Kila kikopo kiandikwe jina, wala mtu asionje asichokijua. Na mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu na daktari asitumie krimu ya tata.

Mwisho twawaomba wazee wa vijiji jambo moja. Mche wa mbuyu hauna majani ya vidole kama mti mkubwa, bali kila jani ni moja tu. Kwa hiyo wengi huung'oa wakidhani ni gugu, na mbuzi huumaliza uliobaki. Uzungushieni miiba michache. Aupandaye huenda asiule ubuyu wake, lakini wajukuu zake watakula.